Kijiko ni Mwanamume

Saa mbili usiku, Wete. Umeme umerudi.
Navaa miwani, nafungua daftari,
nagawa ukurasa kwa rula, safu tatu:
*der. die. das.*

Miaka thelathini na moja nilifunza ngeli.
Ubao niliugawa hivihivi,
M-WA huku, KI-VI kule,
na bakora juu ya meza, kama nukta.

Sasa mwalimu wangu ana miaka sita.
Salha, mtoto wa binti yangu Mgeni, yuko Leipzig.
Meno mawili ya mbele hana, *das* yake inapiga mluzi.
Kiswahili chake kinaishia kwenye "shikamoo, Babu",
kwa hiyo Babu ndiye anayevuka.

Anainua kijiko mbele ya kamera.
*Der Löffel.* Mwanamume.
Uma: *die Gabel*. Mwanamke.
Kisu: *das Messer*. Si huyu wala yule.
Nauliza, kwa Kijerumani changu cha kuokota:
kwa nini kisu, na makali yake yote, kikose jinsia,
na kijiko, kazi yake kubembeleza uji, kiote ndevu?
Anapandisha mabega.
*Ist so, Babu.*
Ndivyo kilivyo.

Simu ikakatika. Au niliikata mimi.

Maana nilimwona Faki Kombo, darasa la tano,
mwaka wa tisini na mbili, kasimama
chini ya kibao cha KUULIZA SI UJINGA:
Mwalimu, kiti kimevunjika, kijiko kimepotea,
mbona kiziwi *amekuja*?
Ndivyo ilivyo, nikamwambia.
Akauliza tena.
Nikampa mbili za kiganja.

Bahari nayo. Nilimuuliza Salha, akanitajia moja,
kamusi ikaniongezea mbili:
*der Ozean, die See, das Meer.*
Nikachungulia dirishani kuelekea bandarini.
Maji ni yaleyale,
yanayoitwa bahari yakiwa moja na yakiwa saba.

Jua kwao mwanamke, mwezi mwanamume.
Nikamweleza Bi Mize, anachambua mchele,
hata hakuinua uso:
"Mwezi mwanamume? Ndiyo maana
haonekani mpaka watu wagombane."
Hakusema *hauonekani*. Alisema *haonekani*.
Kalamu nyekundu ikainuka kichwani mwangu,
nikairudisha mfukoni.

Lililonikera ni moja.
Msichana: *das Mädchen*.
Nikamwambia, na wewe pia? Na mimi pia, akasema,
anatafuna karoti.
Usiku ule nililala na hasira.
Mjukuu wangu hana nafasi safu ya wanawake,
kawekwa na kisu.

Alfajiri, baada ya sala, nikalifungua tena daftari.
*Die Katze*, paka. *Das Kätzchen*, kipaka.
Nikaona hiyo *-chen*, imekaa mkiani kimya.
Loo. Ni KI yetu!
Sisi tunaivisha kichwani, wao wanaining'iniza nyuma.
Kitoto kimelala. Kitoto kimecheka, kina mapengo.
Hatusemi hivyo kwa dharau.
Tunasema hivyo tumekibeba.

Nilivaa kofia, nikateremka mpaka dukani kwa Faki,
anauza vocha, betri, na dawa za mbu.
Ana mvi sasa. Hunipa bando kabla sijataja kiasi.
Nikasema: Faki, yule kiziwi.
Kiziwi yupi, Mwalimu?
Yule wa darasa la tano. Ana KI ya umbo,
lakini roho ikiingia, sarufi inampisha.
Ndiyo maana *amekuja*.
Hilo ndilo nililopaswa kukujibu.

Akanitazama muda mrefu.
Nje mtu alikuwa anaulizia mafuta ya taa.
"Nilidhani umesahau," akasema,
akavuta droo,
akanihesabia chenji yangu,
sarafu mbili,
kiganjani.