Uzi Mwekundu

Walituita ghorofa ya nne, Salford, Jumanne ya manyunyu,
mimi na Clifford Entwistle na sanduku la vikaragosi
ambalo mlinzi alilipitisha kwenye mashine mara mbili
kwa sababu ndani yake kulikuwa na macho.

Swali lao lilikuwa fupi:
je, kipindi kile kinaweza kurudi?
Kile cha Jumamosi jioni, chenye nyegere mshereheshaji
na tai yake ya madoadoa, na mabirika mawili ndugu yasiyosemezana,
na Bi Philippa, bata bukini, aimbaye hadi pazia linashika moto.
Watu walikula chakula mapajani wakikitazama.

Siku hizi, akasema kijana mwenye kompyuta,
mtazamaji hukupa sekunde saba, kisha kidole kinapita.
Nyegere atukane, akashauri. Watu wazima watapenda.
Mwingine akasema mashine inaweza kuwachora wote upya,
bila jasho, bila mkono ndani.
Clifford akautazama mkono wake wa kulia
kama mpangaji aliyeletewa barua ya mwenye nyumba.

Mimi niliitwa kwa jambo moja tu: kitambaa.
Kamera za zamani zilikuwa na adabu, zilijua kufumba jicho.
Hizi za leo huhesabu nyuzi.
Zitaona pale shingoni nilipomshona Bi Philippa
usiku ule aliponaswa na mlango wa lifti,
zitaona gundi, zitaona kwamba jicho lake la kushoto
ni kifungo cha koti la marehemu mama yake Clifford.
Nikawaambia. Sikuficha.
Nilitoka Lindi na sindano; sindano haijui kubembeleza.

Priyanka ndiye mwenye uamuzi. Ana miaka ishirini na tisa,
kiti kikubwa kuliko yeye, kucha zilizoliwa hadi nyama.
Akauliza: "Lakini kinahusu nini hasa?"
Kimya. Ungesemaje?
Kilihusu onyesho linaloharibika kila wiki
na viumbe wa manyoya wanaolimalizia hivyo hivyo.

Clifford akapiga goti chini ya meza, goti lile la upasuaji,
na bata akachomoza kati ya vikombe vya kahawa.
Alisema kwa Kiingereza cha Bolton; mimi namtia mizani,
maana kwetu bata wa hadhi ile hasemi ovyo:

     Ewe mwana, mbona kucha, wazitafuna kwa meno?
     Usiku hadi kukucha, waandika mapatano,
     kicheko umekiacha, kwenye begi la mkono?
     Nipe basi neno moja, mimi bata sina neno.

Kicheko kikaanza, kikafa,
kwa sababu Priyanka alimjibu.
Alimjibu bata, si Clifford: kwamba mwezi huu amefuta vipindi vitatu,
kwamba kimoja kilikuwa cha rafiki yake,
kwamba mama yake kule Bradford akipiga simu, yeye huiacha iite.
Bata akainamisha kichwa kidogo, upande wa mshono.
Dakika nne. Nilizihesabu kwenye saa ya ukutani.
Yule wa kompyuta alikuwa ameifunga
na sidhani alijua.

Kisha mtu akakohoa, na bata akawa kitambaa.

Barua ilikuja Ijumaa: wamekipenda mno,
soko bado halijawa tayari, labda majira yajayo.
Clifford aliisoma jikoni kwangu, akaikunja mara nne,
akasema huenda wasemayo ni kweli.
Huenda. Siku hizi nyumba moja ina vioo vitano
na kila mtu ana giza lake.
Kama mamilioni watatulia, sijui. Najua mmoja alitulia,
na mmoja hatoshi kulipia taa za studio.

Hata hivyo shingo ilikuwa imefumuka tena.
Niliuacha ule uzi wa kijivu unaojua kujificha,
nikachukua mwekundu.
"Utaonekana," akasema Clifford.
Nikaulamba ncha, nikatafuta tundu la sindano,
nikamwambia amshike bata vizuri, asitikisike.