Jina la Bandia

Kazi yangu ni kusikiliza kwa mguu:
nakanyaga kanyagio, sauti inasimama,
naandika, naachia, inaendelea.
Chumba cha nyuma, Mikocheni, feni inalia kama bawaba.
Rekodi ya leo: TMK-17, dakika hamsini na mbili.

Restituta anamsomea fomu ya ridhaa, taratibu,
kama mtu anayevuka tope na viatu vyeupe.
"Una haki ya kukataa swali lolote."
Binti anacheka.
Kicheko nacho nakiandika, ndani ya mabano,
maana ndiyo kanuni.

Si mgeni wa mji huyu. Kazaliwa Tandika,
nyuma ya mashine ya kusaga,
bei ya nyanya anaijua kabla hujauliza.
Aliyemchukua naye hakutoka mbali:
mama wa saluni, mtaa wa pili, shoga wa shangazi yake,
aliyemlipia ada ya muhula,
akamnunulia na viatu,
kisha akafungua daftari.

Swali la tisa: "Ulikwenda kwa hiari?"
Ndiyo. Hapana. Visanduku viwili.
"Nilikuwa nadaiwa."
Restituta anarudia swali.
"Nimeshakwambia, dada. Nilikuwa nadaiwa."
Kisha kimya. Nimekipima: sekunde kumi na moja,
na ndani yake jogoo, bodaboda,
na kipaza sauti cha muuza dawa kikipita:
panya, mende, kunguni, wote wanakufa.

Jedwali halina safu ya deni.
Nimeuliza. Wamesema weka kwenye "Mengineyo".

Mwishoni anaombwa achague jina la bandia.
"Ya bandia ninayo matatu," anasema,
"alinipa yule mama, kila mlango na lake.
Leo niandikeni langu."
Na analitaja. Lake, la baba, la babu,
kama mtu anayeitikia mahudhurio
katika darasa ambalo bado lina dawati lake.

Kanuni ni nzuri, najua. Kanuni inamlinda.
Wapo wanaomtafuta, daftari mkononi.
Nimeandika TMK-17.
Nimerudi nyuma kuhakikisha hakuna herufi iliyobaki,
na hii ni mara ya nne narudi palepale,
mguu juu ya kanyagio,
naye hapunguzi sauti.

Rekodi zote zinafutwa Ijumaa.
Leo Jumatano.