Waya Unaolisha Tu

Kibao kilifika Jumanne, siku kumi na saba baada ya ahadi,
ndani ya boksi lisilozidi kiganja, lililobanwa na mizigo ya watu
tangu Santiago hadi huku Punta Arenas,
ambako Agosti ndiyo kitovu cha baridi
na upepo haubishi hodi.

Nilikilaza mezani juu ya gazeti la juzi,
kati ya chumvi na miwani ya marehemu baba.
Kijani. Miguu ya shaba pande mbili, tandu aliyelala chali.
Katikati kitu cheusi cha mraba, kidogo kuliko ukucha:
ndicho wanachokiita ubongo.
Kwanza nikagusa bomba la maji, kama kijana wa dukani alivyoniagiza,
ili umeme wa sweta langu la sufu ushuke ardhini.
Sijawahi kunawa umeme kabla ya kumpokea mgeni.

Maelekezo: karatasi moja, mikunjo sita, lugha nane,
na Kihispania chake kimeandikwa na mtu
ambaye hajawahi kuomba chumvi kwa Kihispania.
"Hakikisha daraja liko mahali pake."
Daraja! Nilihangaika dakika ishirini.
Kumbe ni kikofia cheusi cha plastiki, saizi ya punje ya mchele,
kinachofunika pini mbili kati ya tatu.
Nikaking'oa kwa kibanio cha nyusi. Kikaruka.
Nikapiga magoti, nikapapasa chini ya jiko,
nikapata kwanza kifungo cha shati la baba,
kisha daraja.

Nikachomeka. Taa nyekundu ikawaka, imetulia.
Nikajipigia makofi peke yangu.
Kompyuta haikuona kitu.
Nikachomoa, nikachomeka. Ikadai dereva.
Nikaipa dereva. Ni kama iliniuliza, gari liko wapi?
Mlango wa tatu: hakuna mtu. Mlango wa nne: hakuna mtu.
Saa nne usiku. Saa tano.
Na taa nyekundu inawaka tu, imeshiba, inanitazama.

Saa sita kasoro nikampigia Nélida, binti wa dada yangu,
fundi wa majokofu kwenye kiwanda cha samaki.
Alicheka mpaka nikasikia kiti chake kikilia.
"Shangazi, waya huo umeutoa wapi?"
Kwenye tochi ya kichwa ya babu yako, wa kuchajia.
"Basi huo unalisha tu. Hausemi.
Una nyuzi mbili ndani. Tafuta wenye nne."

Nikakaa.

Miaka tisa niliishi na baba katika nyumba hii.
Nilimpikia supu ya kondoo, nikamkata kucha,
naye alipasua kuni, akalipa gesi kila tarehe tano.
Taa yetu nyekundu haikuzimika hata siku moja.

Wenye nyuzi nne niliukuta kwenye mkoba wa kamera mbovu.
Mfupi mno; ilibidi nisogeze chumvi, gazeti, miwani,
nikiburute kibao karibu kama mtu anayetaka kunong'onezwa.
Kompyuta ikatoa mlio.
Mlango wa saba: yupo.

Programu ya kwanza haina hekima yoyote:
washa, subiri, zima, subiri, rudia.
Nikabonyeza. Kitaa cha kijani kikapepesa.
Nikabadilisha namba, elfu moja ikawa mia mbili,
kikahema kama mbwa aliyetoka mbio.
Nikaweka elfu tatu: mzee anayesinzia.
Kumbe kinanisikia.

Wiki ijayo nitakifungia sensa ya joto, nikipeleke uani
kwenye kibanda cha kioo, ambako letusi za baba
bado zinaota bila kuuliza amekufa nani.
Leo hapana. Leo nimezima taa ya jikoni,
nimeishika miwani yake, na kijani kinapepesa
kwenye kioo cha kushoto, mara moja moja.
Cha kulia kina ufa. Humo kinapepesa mara mbili.