Safu ya Mwisho

Maneno thelathini na tisa. Ndiyo yote.
Yaliokotwa na mnunuzi wa mpira
kando ya kijito cha Amazoni kisicho na jina katika ramani yangu,
miaka mia na kidogo iliyopita,
kinywani mwa mwanamke
ambaye naye hakuandikwa jina.

Nayasoma Wete, ghorofani, umeme umekatika,
simu imeegemea kopo la sukari, inanimulikia.
*Shoka. Mzigo. Njoo. Beba. Kesho.*
Hivyo ndivyo alivyoulizwa.
Hakuulizwa mama. Hakuulizwa usingizi,
wala wanawe akiwabembeleza kwa neno gani.
Mbele ya la thelathini na moja
pana alama ya kuuliza tu.

Chini uani, mama yangu Bi Mize anachambua karafuu,
tunda huku, kikonyo kule,
hatazami; vidole vinajua.
Ananipazia sauti: "Hao watu wako wana jamaa?"
Ndilo swali lenyewe, mama.
Nalipwa mshahara kwa swali hilo.

Neno la tisa ni *nyama*. Kwao ni mvua.
Mwanafunzi wangu Shaame aliruka kitini: "Undugu huo!"
Nikamwambia keti. Duniani wawili wawili.
Undugu wa lugha hautazamwi usoni,
hutazamwa pale zinapoachana,
kama zinaachana vile vile, tena na tena:
mjini wanazaa, sisi tunavyaa;
kwao mzazi, kwetu mvyazi.
Kwa *vyaa* hiyo Mwalimu Faki alinichapa
fimbo mbili, darasa la tatu, mbele ya wenzangu.
Leo ni ushahidi.

Lakini maneno thelathini na tisa
hayatoshi kuachana mara mbili.

Safu ya mwisho ya jedwali inataka ukoo.
Walionitangulia wameandika: *Pekee.*
Nami nakumbuka Idi Mosi moja, sokoni,
mtoto wa kike, gauni la manjano, kiatu kimoja,
kila akiulizwa wa nani
anajibu: wa mama.
Kipaza sauti cha msikiti kilimtangaza mpaka adhuhuri.
Hakuna aliyemwita yatima.

Nafuta *Pekee*.
Naandika: *Hatujauliza vya kutosha.*
Kisanduku ni kidogo, herufi zinamwagikia pembeni,
na najua mhariri atanirudishia.

Chini, Bi Mize anayatia makonyo poloni,
hata moja halitupi.
"Watu huyaona taka," anasema, hasemi na mimi,
"na mafuta yamo humu humu."

Asubuhi, kabla hajasahau usingizi wake,
nitamsomea lile la thelathini na moja,
kwa sauti, kama lilivyoandikwa,
silabi tatu, ya kati imevutwa,
nione tu
atageuza kichwa upande gani.