Chama cha Jumamosi, Ghorofa ya Nne

Kwa mwenye nyumba sisi ni chama.
Tuna daftari, tuna mia mbili mbili,
tuna mweka hazina, Kwamboka, asiyesamehe deni.
Si uongo. Ni ukweli uliojitanda leso.

Maji ya Pangani hayajatoka tangu Jumatano.
Viatu tumevivua mlangoni, jozi kumi na moja,
na mbele yake buti kuukuu la kiume, moja,
tulilolinunua Gikomba bila mwenzake
ili majirani walione wapitapo ngazini.
“Huyo ndiye mume wetu sote,” asema Nekesa,
na chai inamwagika kwa vicheko.

Kisha yeye peke yake anaacha kucheka.

Juzi alikwenda kliniki.
Unapanga uzazi kwa njia gani? Sipangi.
Mume yuko? Hayuko.
Sasa wewe wataka kupimwa nini?
“Nilipeleka shingo ya kizazi,
nikarudi nimeinamisha hii nyingine.”

Chelagat, macho mekundu kwa zamu ya usiku,
anachora mfuko wa uzazi nyuma ya daftari,
juu ya hesabu za Machi.
“Kirusi hakisomi cheti cha ndoa,” asema.
“Ngozi kwa ngozi, kimefika.
Nani mwingine hajapimwa?”
Tunatazama vikombe vyetu. Vikombe tisa.

Mwende anasema mfumo dume ndio ulioandika fomu ile.
Mama Kageha anauliza,
“Huo mfumo wako una mkono?
Wangu ulikuwa na mshipi, na mshipi ulikuwa na bakoli.
Miaka kumi na minne.”
Mwende anasema, ungeondoka.
Mama Kageha anasema, na watoto watatu, kwenda wapi, chuoni kwako?
Hapo hatukupatana.
Hata leo hatujapatana,
ingawa Mwende ndiye aliyemwongezea sukari.

Ndipo Syokau, pembeni, kwa sauti ya kutafuta ufunguo gizani:
“Mimi sijui kama ni mwanamke.
Mkinifukuza nitaelewa.”

Jirani anakaanga vitunguu. Tunavisikia.

Lugha yetu haikuwahi kumuuliza.
Amekuja, ameketi, amekunywa chai:
ile *a* ni moja, yatosha mtu yeyote.
Lakini huwezi kuishi ndani ya sarufi.
Nje kuna mlango wa choo wenye picha,
kuna kitambulisho, kuna shangazi,
kuna konda wa maneno katika kila kona:
wewe ni dada ama ni bro?

Kwamboka anavaa miwani.
“Niandike nani?”
“Sila.”
Anapiga mstari kwa rula, polepole,
asije akalichana jina la zamani.
“Sila. Mia mbili.”
“Leo sina.”
“Na ile ya mwezi jana ya Syokau?”
“Pia sina.”
“Basi wewe ndiye mrithi. Mia nne.”
Sila analia, na hakuna anayedhani ni kwa sababu ya pesa.

Mzunguko wa leo tumempa Nekesa.
Jumanne atarudi kliniki,
Chelagat kushoto, Mama Kageha kulia.

Bomba likakohoa bafuni.
Tukaruka wote kwa madumu, hoja zikabaki kwenye mkeka,
na kutoka kwenye foleni ya ndoo Nekesa akapaza sauti:
“Wakiniuliza tena jina la mume?”

“Buti,” akajibu Sila. “Namba tisa. Mguu wa kulia.”