Figa la Tatu

Hatufungui plagi injini ikiwa moto, Nyanjige.
Kaa kwenye tairi hilo, kunywa soda.
Hapa Mabatini hata majabali husubiri jioni ndipo yapoe.
Kichwa cha injini ni alumini;
ukikikorofisha kina joto kinaachia meno yake mkononi mwako,
na daktari wa meno hayo sijamsikia kutoka hapa hadi Shinyanga.

Kirikuu hakina siri nyingi.
Unainua kiti cha dereva, injini hiyo hapo,
kama mtoto aliyejificha mvunguni akasahau kuzuia pumzi.
Silinda tatu.
Kwetu Magu tulipikia mafiga matatu,
na figa moja likicheza
haumwagiki uji tu, na moto unazimika.

Kwanza napuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli.
Punje moja ya mchanga ikidondoka tunduni
itasaga silinda mpaka uijue kwa jina.
Kisha waya mmoja, plagi moja. Sichomoi zote kwa pamoja:
nyaya zikibadilishana nyumba
moto unabisha hodi kwa jirani.

Ya kwanza ni kahawia,
rangi ya chai ya maziwa iliyokaukia kikombeni.
Hiyo ni afya.
Ya pili vilevile, ncha imelika kidogo, umri tu.

Ya tatu

nyeusi tii, imelowa petroli,
kauri yake ina ufa mwembamba kama unywele,
na maandishi mekundu ubavuni
yanatoka kwa kidole gumba.

Niliyajua kabla sijayafuta.

Juzi uliponipigia simu
ukasema gari limekufa kwenye mteremko wa Kamanga,
kivuko kinaondoka unakiona kwa macho,
kilo sitini za sato na barafu inakuwa maji,
nilisema ni petroli.
Nilisema watu wa vituo siku hizi hawana Mungu.
Ukawalaani watu wa vituo.
Nikaitikia.

Ni mimi.

Mwezi wa tatu ulinipa elfu ishirini na nne, plagi tatu.
Mbili nilinunua Mtaa wa Rufiji, kwenye kasha, na risiti.
Ya tatu nilichukua kwa kijana wa sinia pale Buzuruga,
elfu mbili,
inang'aa kuliko zile mbili za kweli.
Elfu sita iliyobaki sitakwambia ilikwenda wapi.
Haikwenda kwa mgonjwa.

Leo hizi tatu zimetoka duka moja. Soma namba mwenyewe.
Shingo ziwe urefu uleule na za zamani:
ndefu itabusu pistoni, na busu hilo halina la pili;
fupi itawakia shimoni, ikusanye masizi.
Pengo nimelipima, unene wa kadi ya benki.
Naanza kwa vidole, bila spana.
Vidole vinajua meno yasipokutana,
spana haijui, spana ina nguvu tu.
Ikigoma kuzunguka, nusu duara. Basi.
Mafundi wengi huharibu hapo,
kwa kutaka kuonekana wamefanya kazi.

Washa.

Ilikohoa mara moja, ikaomba radhi, ikatulia.
Moja mbili tatu, moja mbili tatu,
hakuna anayerukwa.

Nilikupa elfu sita, noti zenye alama za oili.
Ufundi sikudai.
Sato sina wa kukurudishia.
Ulihesabu mara mbili, unavyohesabu samaki Mwaloni,
hukusema ndiyo, hukusema la.
Ukaiokota plagi ile nyeusi kwenye kitambaa changu,
ukaisimamisha juu ya dashibodi,
ncha imenielekea,
ukaingiza gia.

Kivuko cha saa nane bado kilikuwa hakijapiga honi.