Samaki wa Wiki Mbili

Muuzaji pale gulioni alisema, "Wiki mbili, mama,
usimzoeshe mtoto." Akafunga fundo la mfuko,
akanirudishia chenji ya korona tano.
Huu ni mwaka wa kumi na nane.

Kryštof alimwita Knedlík, kwa jina la andazi letu la kuchemsha,
kwa kuwa alikuwa mviringo, hana kiuno.
Kryštof sasa anatengeneza injini za meli huko Bergen.
Hupiga simu Jumapili, na hata kabla ya salamu:
"Bado yupo?"

Yupo. Jicho la kushoto lina mtoto wa jicho.
Wangu kahama, namwambia samaki,
wako ndiyo kwanza kahamia.

Uzee wa samaki hauna mvi.
Rangi humtoka kama inavyolitoka shati:
chungwa likawa krimu, krimu ikawa maziwa.
Nimefanya kazi ya udobi miaka thelathini na mmoja,
najua kitu kinachopauka na kitu kilichochoka kupauka.
Mgongo umepinda. Huogelea akipapasa kioo
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Basi nimejifunza.
Chujio nimelivika soksi mdomoni, mkondo usimsukume.
Ile ngome ya plastiki yenye ncha nimeitoa,
siku hizi inatunza funguo zangu.
Maji nabadilisha robo, si zaidi; hulala ndooni usiku kucha,
asubuhi nayapima kwa kiwiko
kama ya kumwogeshea kichanga.
Njegere namenya, naponda kwa kidole gumba,
namshikia upande wa jicho zima.
Hukosa.
Hukosa tena.
Sina haraka. Pensheni haina kengele ya zamu.

Daktari wa wanyama kule Poruba alinitazama juu ya miwani:
"Bibi, samaki mpya ni korona tisini."
Nikamuuliza kama ana mama.

Januari, theluji yenye maji ilikata nyaya.
Saa tano usiku pampu ikanyamaza,
na kimya ndicho kilichoniamsha.
Nikachota kwa jagi, nikamimina kutoka juu ili maji yale hewa,
nikachota, nikamimina,
nusu tangini, nusu sakafuni,
na chini ya sakafu anaishi Hynek,
ambaye hatusemezani tangu tangi la kwanza lipasuke
na dari lake kuota ramani.

Alipanda na tochi, koti juu ya nguo za kulalia.
Nikayasubiri matusi. Alimulika tangi.
Akashuka bila neno,
akarudi na pampu ya baiskeli.

Tukapiga kwa zamu, hamsini hamsini,
tangi limevishwa blanketi langu mwenyewe.
Alihesabu kwa sauti, kama alivyohesabu magari ya makaa mgodini.
Habari za dari hazikuguswa.
Kwenye saa tisa akauliza, "Ana umri gani?"
Nikamwambia.
"Mbwa wangu aliishia kumi na nne," akasema,
akaipokea pampu kabla zamu yangu haijaisha.

Karibu na saa kumi na moja friji ikakohoa, taa ikawaka.
Tukaonana: wazee wawili, mikono imelowa hadi viwikoni.
Haraka tukamtazama samaki.
Knedlík alilala ubavu kwenye changarawe,
matamvua yakifunguka, yakijifunga, taratibu,
kama mtu anayesoma barua ndefu.

Nikamenya njegere.
Akaikosa. Akaikosa.
Akaimeza, akaitema, akaifuata tena.

Jumapili simu ikalia. "Bado yupo?"
Yupo, nikasema, ila ngoja kidogo,
kuna mtu mlangoni amefuata pampu yake ya baiskeli
na ameleta njegere,
za kopo, za chumvi.
Itabidi nimkaribishe ndani nimweleze.